Chemchemi Si Kisima

Ipo kauli moja isemwayo mara nyingi katika nchi yetu, na kwa kuwa husemwa kwa sauti ya uhakika, watu huipokea bila kuipima. Kauli yenyewe ni hii: kwamba Mungu ametujalia moto chini ya ardhi, kwamba moto huo ni wa bure na hauna mwisho, na kwamba kazi iliyobaki ni kwenda palipo na maji yachemkayo, kuchimba shimo, na kuwasha taa. Wenye kauli hii hujiegemeza juu ya methali ya wazee, isemayo kuwa panapofuka moshi hapakosi moto. Mimi nasema kwamba katika kauli hii kweli ni chache na makosa ni mengi, na makosa yenyewe ni ya gharama. Nakuomba, msomaji, unifuate hatua kwa hatua, nawe uamue mwisho wa safari.

Labda utauliza, jambo hili lamhusu nini kijana wa Riruta, ambaye hana chemchemi ya maji moto wala mtambo karibu na nyumba yao? Lakuhusu sana. Udongo mwekundu unaoganda viatuni mwako siku ya mvua umetokana na mawe ya volkano ya kale, yaliyomwagika na kutanda juu ya nyanda hizi zamani Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika. Ukisafiri magharibi kupita Kikuyu na Limuru utafika ukingoni ambapo nchi yakatika ghafula, na bonde lote lalala chini ya macho yako, mlima Longonot ukiwa katikati. Nyuma ya mlima huo ndiko Olkaria. Sehemu kubwa ya umeme unaoangaza Riruta, Kawangware na Kibera usiku hutoka katika visima vya bonde hilo. Maana katika miaka hii ya 2020 jotoardhi limetoa zaidi ya theluthi ya umeme wote unaozalishwa Kenya. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Taa usomeayo nayo imeundwa, na ni haki yako kujua ilivyoundwa.

Tuanze na sehemu ya kwanza ya kauli ile, isemayo kwamba tuchimbe penye chemchemi. Tazama birika jikoni. Mvuke hutoka wapi? Hutoka mdomoni. Na moto uko wapi? Uko chini ya kitako. Mtu akitaka kuufikia moto kwa kufuata mvuke, ataunguza vidole mdomoni mwa birika na moto asiuone. Ardhi hufanya vivyo hivyo, ila mdomo wake huweza kuwa mbali na kitako kwa kilomita nyingi.

Katika Bonde la Ufa gamba la dunia linavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, kwa mwendo mdogo usioonekana kwa macho. Kwa kuvutwa huko limekonda na kupasuka, na mwamba ulioyeyuka umepanda karibu zaidi na uso wa nchi kuliko mahali pengine. Huo ndio moto. Mvua inyeshayo juu ya miinuko ya pande mbili za bonde hupenya nyufa, ikashuka chini sana, ikapashwa joto, kisha ikapanda tena kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Hapa Riruta, palipoinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, maji jikoni huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi. Lakini mita 1,000 chini ya ardhi, uzito wa maji yaliyo juu huwabana walio chini hata wasichemke ingawa joto lakaribia nyuzi 300. Wakipatiwa njia ya kupanda, mbano hupungua, nao hugeuka mvuke kwa nguvu kubwa. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha mtambo.

Basi ili kisima kifae, vinahitajika vitu vinne pamoja: moto, maji, nyufa za kuyapitisha maji, na kifuniko cha mwamba mgumu au udongo wa mfinyanzi juu yake, kinachozuia joto lisipotee. Pale Olkaria miamba imepangwa kwa namna hiyo. Juu kuna mawe mapya ya volkano. Chini yake kuna tabaka za bazalti zinazofanya kazi ya kifuniko. Na chini ya hizo kuna miamba ya trakaiti yenye nyufa, ambamo maji ya moto hukaa. Kikikosekana kimoja katika vitu hivyo vinne, kazi yote ni bure. Moto bila nyufa ni mwamba mkavu. Nyufa bila kifuniko ni chungu kilichoachwa wazi.

Sasa tazama chemchemi ilivyo. Maji yapandapo kutoka kwenye kiini cha joto, mara nyingi hayafiki juu ya kilima. Hufika mvuke tu, ukatoka kwa matundu madogo na kuacha udongo uliobadilika rangi. Maji yenyewe hugeuka upande, yakatiririka chini kwa chini kuelekea mabondeni, yakichanganyika na maji baridi njiani, kisha hutokeza mahali pa chini kama chemchemi. Mtu achimbaye hapo huweza kupata tabaka la moto karibu na uso wa ardhi, akashangilia, kisha keekee ikishuka zaidi akakuta joto linapungua badala ya kuongezeka. Amechimba mdomo wa birika.

Wala haya si maneno matupu. Huko Mbeya, nchini Tanzania, ziko chemchemi za Songwe, ambazo maji yake ya moto yameacha mawe mengi ya chokaa. Wataalamu walipoyapima maji hayo na kuichunguza miamba, wengi wao hawakukitafuta kiini cha joto pale pale. Waliitazama volkano ya Ngozi, iliyo mbali kwa makumi ya kilomita. Kwa upande mwingine, tazama Menengai, karibu na Nakuru. Ndani ya shimo kuu la volkano ile hamna chemchemi za maji moto. Kuna matundu ya mvuke tu. Mwenye kufuata kauli ya watu angepita akaenda zake. Lakini Kampuni ya Ustawi wa Jotoardhi ilianza kuchimba huko mwaka 2011, na katika baadhi ya visima keekee iliufikia mwamba ulioyeyuka wenyewe, kwenye kina cha kilomita mbili hivi. Mtambo wa kwanza wa Menengai ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Palipo na maji mengi juu, moto uko mbali. Pasipo na maji juu, moto uko chini ya nyayo. Je, methali ya moshi yatosha tena?

Sisemi kwamba chemchemi haina faida kwa mtafutaji. Chemchemi ni shahidi, lakini shahidi huhojiwa. Mtaalamu huyachukua maji yake akapima kiasi cha silika na uwiano wa sodiamu na potasiamu, maana vitu hivyo huyeyuka kwa kadiri ya joto la huko yalikotoka, naye hukisia joto la chini kabla ya kuchimba hata mita moja. Huyatazama mawe yaliyoachwa na maji: yakiwa ya silika, huenda chini kuna joto kubwa, yakiwa ya chokaa, aghalabu joto ni dogo zaidi. Kisima kikianza kuchimbwa, huviokota vipande vya mwamba viletwavyo juu na keekee, akavitazama kwa darubini. Akiona madini ya kijani yaitwayo epidoti, hujua kwamba mwamba huo umewahi kupata joto la nyuzi 240 au zaidi. Nimesema umewahi, maana mwamba hutunza alama ya joto lililokwisha kupita. Kwa hiyo mtaalamu huteremsha pia kipimajoto kisimani, akalinganisha alama ya zamani na joto la leo. Hivyo ndivyo elimu inavyofanya kazi: haimwamini shahidi mmoja.

Waliotutangulia Olkaria walijifunza somo hili kwa gharama. Kuanzia mwaka 1956 vilichimbwa huko visima viwili vya majaribio. Joto lilipatikana, lakini mvuke wa kutosha haukupatikana, na kazi ikaachwa. Tangu mwaka 1970 Serikali ya Kenya na Umoja wa Mataifa waliirudia kazi kwa njia nyingine: walipima kwanza, kutoka Olkaria hadi Bogoria, wakachora ramani, wakachunguza maji na miamba, ndipo wakaichagua Olkaria na kuchimba tena. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Miaka 25 ilipita kati ya shimo la kwanza na taa ya kwanza. Lililobadilika katika miaka hiyo si moto uliomo ardhini, bali maarifa ya watu.

Nageukia sehemu ya pili ya kauli, isemayo kwamba moto huu ni wa bure. Kisima kimoja cha Olkaria huweza kushuka mita 3,000, na gharama yake ni mamia ya milioni za shilingi. Fedha hizo hutumika kabla mtu hajajua kama mvuke utatoka, na si kila kisima kinachochimbwa hutoa. Tena fedha hizo, zikiwa za mkopo, hulipwa na wewe na wazazi wako kila mnaponunua umeme. Basi yule asemaye kwamba kuchunguza miamba ni kupoteza wakati, na asemaye kwamba jotoardhi ni la bure, ni mtu mmoja mwenye kosa moja. Maana gharama anayokataa kulipa kwa uchunguzi atailipa kwa mashimo makavu.

Sehemu ya tatu yasema kwamba moto huo hauna mwisho. Joto la dunia ni kubwa mno, hilo ni kweli. Lakini kisima hakitoi joto peke yake. Hutoa maji yaliyobeba joto, na maji hayo hupungua yakichotwa kwa kasi kuliko yanavyorudi. Huko California, Marekani, kuna uwanja mkubwa wa mvuke uitwao The Geysers. Ulichimbwa kwa pupa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mvuke wake ulianza kushuka. Walioutumia walilazimika kujenga mabomba marefu ya kupeleka maji machafu ya miji, yaliyokwisha kusafishwa, ili yaingizwe tena ardhini. Bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1997 na la pili mwaka 2003. Olkaria nako mvuke wa visima vya mwanzo ulipungua, vikachimbwa vingine vya kujazia, na maji yaliyotumika hurudishwa chini kwa visima maalumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali kama nyingine.

Mfano wa jambo hili unao karibu nawe. Nairobi hunywa sana maji ya visima virefu vilivyotobolewa katika miamba ya volkano. Kila jumba jipya hutamani kuwa na kisima chake, na kwa miaka mingi kimo cha maji hayo ya chini kimekuwa kikishuka. Mtu wa Kawangware anunuaye maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni anajua, kuliko wasemaji wengi, kwamba maji ya ardhini yana mwisho. Ikiwa maji baridi ya mita 200 hupungua, kwa nini tudhani maji ya moto ya mita 2,000 hayapungui?

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote nimeiweka mwisho. Kauli ile ya watu, ikifuatwa, haipotezi fedha tu. Huua chemchemi zenyewe. Huko Wairakei, New Zealand, mtambo mkubwa wa jotoardhi ulianza kazi mwaka 1958. Karibu yake palikuwa na bonde lililosifika kwa chemchemi zilizoruka juu kama mikuki ya maji. Maji yalipochotwa chini, mbano ulishuka, na katika miaka michache chemchemi zile zikakauka moja baada ya moja. Ardhi nayo ikadidimia, mahali pengine kwa zaidi ya mita 10. Mjini Rotorua, katika nchi hiyo hiyo, watu walitoboa visima vingi vya kupashia nyumba joto, hata chemchemi kubwa iitwayo Pohutu ikaanza kudhoofika. Mwaka 1986 serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka Pohutu vifungwe, na chemchemi ikapata nguvu tena. Kwa hiyo tunajua kwa hakika mambo mawili: kwamba kisima huweza kuua chemchemi, na kwamba sheria huweza kuiponya ikiwahi.

Fikiri sasa juu ya Ziwa Bogoria. Ukingoni mwake maji huchemka na kuruka, heroe hukusanyika kwa maelfu, na mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2011. Kaskazini mwake ziko volkano za Korosi, Paka na Silali, ambako jotoardhi linatafutwa. Paka kisima kimekwisha kutoa mvuke. Mtu wa kauli ile angesema, kwa nini twende Paka, mbali na barabara, hali maji yanachemka hapa Bogoria mbele ya macho? Msomaji, jibu unalo. Kwanza, maji yachemkayo ufukweni hayathibitishi kwamba kiini cha joto kiko ufukweni. Pili, ukichimba hapo huenda ukapata mvuke mchache na kupoteza chemchemi nyingi. Tatu, mahali hapo pana wenyewe. Waendorois waliondolewa kando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walishtaki, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatangaza mwaka 2010 kwamba haki zao zilivunjwa. Olkaria nako, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa nne, na malalamiko yao yakafika hadi kwa benki za ng'ambo zilizotoa mikopo. Ramani ya miamba isiyoonyesha watu wanaoishi juu yake ni ramani pungufu.

Nasikia mtu akinijibu: wewe mwalimu unazungumza kwa raha, hali watu wanahitaji umeme, je, wataka Kawangware ikae gizani ili chemchemi zichezee hewani? La hasha. Mimi ni rafiki wa visima. Mwaka 1999 na 2000, mvua ilipokosekana na mabwawa ya Mto Tana yakapungua, umeme uligawiwa kwa zamu nchini, lakini mvuke wa Olkaria haukungoja mvua ya mwaka ule. Kisima kizuri hufanya kazi usiku na mchana, kiangazi na masika, na moshi wake ni mchache kuliko wa mitambo ichomayo mafuta. Kwa sababu hiyo hiyo nakasirika nikisikia visima vikizungumzwa kama bahati nasibu. Asiyejali uchunguzi si mpenzi wa umeme. Ni mpenzi wa haraka, na haraka haina baraka.

Basi kazi yako wewe kijana ni ipi? Kwanza, acha kulidharau somo la miamba. Najua wapo wanafunzi wanaokariri majina ya mawe usiku wa kuamkia mtihani na kuyasahau asubuhi ya pili, wakidhani kwamba elimu yenye heshima ni ya sheria na udaktari tu. Nchi iliyokaa juu ya Bonde la Ufa, nayo haina vijana wa kutosha wanaojua kusoma miamba, itawaajiri wageni kusoma barua iliyoandikiwa yeye. Anza na kilicho karibu. Chukua jiwe kutoka mahali wanapochimba msingi wa nyumba, ulivunje, uutazame ndani wake. Uliza kama lilimwagika likiwa uji wa moto au lilianguka likiwa jivu. Uliza maji ya kisima cha jirani yalikutwa kwenye kina gani, na miaka kumi iliyopita yalikutwa wapi.

Pili, siku utakapokuwa mpiga kura, mhandisi, diwani au mwandishi wa habari, na mtu akasimama mbele yako akasema, hapa pana maji ya moto, tuchimbeni, usimpigie makofi upesi. Mwulize: moto uko wapi, nao umepimwa kwa njia ngapi? Maji yatakayotolewa yatarudishwa vipi, na nani atakayeandika hesabu yake? Chemchemi hii itapatwa na nini, na wenye kuishi kando yake wamesema nini? Akikujibu maswali hayo matatu kwa ushahidi, mpe keekee achimbe, nawe uwe wa kwanza kumshangilia. Asipoweza, mrudishe akapime kwanza.